Herufi za Mbao za Ukoo wa Chen

Mavuno ya mpunga yakishaingia ghalani, mafundi wa vitabu vya nasaba wa Shaoxing, katika mkoa wa Zhejiang mashariki mwa China, walikuwa wakifunga safari. Walikwenda kwa vikundi vidogo, kijiji hadi kijiji, na mzigo wao waliuchukua mzegamzega: mti begani, masanduku mbele na nyuma. Ndani ya masanduku mlikuwa na herufi za mbao takriban 20,000, kila moja imechongwa kinyumenyume. Ukoo uliowaita uliwapa nafasi katika ukumbi wa mababu, nao wakatandaza treya zao humo, wakakaa hadi watu wa ukoo ule, walio hai na waliozikwa, wawe wameingia kitabuni. Kisha wakazifungua kurasa, wakarudisha herufi mahali pake, wakajitwika tena kwenda kwa ukoo mwingine.

Anayetaka kujua asili ya jina la ukoo la Kichina kwa kawaida huanza na wafalme. Wafalme wamo, na nitawafikia. Lakini jina lililoanza miaka 3,000 iliyopita halikufika leo kwa nguvu za mfalme yeyote. Lilifika kwa sababu kila kizazi alikuwapo mtu wa kukaa chini, kuuliza nani kazaliwa na nani kafa, na kuyaandika majina hayo moja baada ya jingine. Na katika karne za karibuni, mara nyingi mtu huyo alikuwa fundi mwenye treya ya herufi za mbao. Kazi yake ndiyo inayonivuta, na nadhani haijasifiwa inavyostahili.

Chukua ukoo wa Chen. Ni miongoni mwa majina matano yenye watu wengi kabisa nchini China, na huko Fujian, Guangdong na Taiwan hakuna jina linalolipita. Mkantoni anayeitwa Chan, Mhokkien wa Singapore anayeitwa Tan na Mvietnamu anayeitwa Tran, wote wakiandika jina lao kwa Kichina huandika herufi hiyo hiyo moja.

Habari za jina hili zinaanzia kwenye udongo wa mfinyanzi. Karibu na mwaka 1046 K.K. watu wa Zhou waliwaangusha wafalme wa Shang, na mfalme wao, Wu, akaanza kugawa nchi. Sehemu aliwapa ndugu zake na majemadari wake. Sehemu nyingine aliwapa wazao wa watawala wa kale, na mmoja wa watawala hao alikuwa Shun, ambaye mapokeo yanamweka kabla ya Shang. Katika uzao wa Shun alikuwapo Efu, mkuu wa wafinyanzi wa Zhou. Mtu wa nyumba yake, jina lake Man, alipewa binti mkubwa wa mfalme awe mkewe, na pamoja naye nchi ya Chen. Mji wake mkuu ulikuwa Wanqiu, mahali panapoitwa leo Huaiyang, mkoani Henan. Alipokufa aliitwa kwa jina la heshima la Hu, na huyo Hu ndiye vitabu vya nasaba vya Chen vinamtaja kuwa shina la ukoo.

Kwa nini nyumba ya mfinyanzi ipewe binti wa mfalme na nchi ya kutawala? Jibu limo katika Zuo Zhuan, kitabu cha kale cha historia. Mwaka 548 K.K. dola la Zheng lilikuwa limeivamia Chen, na waziri wa Zheng, Zichan, ikambidi ajieleze mbele ya wakubwa wa dola la Jin. Akaanza mbali. Akakumbusha kwamba Zhou walimthamini Efu kwa mambo mawili: vyombo vyake vilivyowafaa, na uzao wake wa Shun. Vyombo vimetajwa kwanza. Sima Qian, aliyeandika historia yake kuu karibu na mwaka 100 K.K., anaongeza kwamba Shun mwenyewe alifinyanga vyungu ukingoni mwa mto, na mahali pale hakikutoka chombo kibovu. Shun ni mtu wa mapokeo, hana kaburi wala maandishi yanayoweza kututhibitishia maisha yake. Hata hivyo waliosimulia habari zake walichagua kumsifu mtawala kwa uzima wa vyungu vilivyotoka mikononi mwake, na kwangu mimi hilo linaeleza mengi kuhusu mahali fundi alipowekwa katika kumbukumbu ya ukoo huu.

Mkondo huo haukukatika. Mwaka 672 K.K. mwana wa nyumba ya Chen aitwaye Wan alikimbia ugomvi wa kugombea kiti, akaomba hifadhi katika dola la Qi. Mtawala wa Qi alitaka kumpa uwaziri wa juu. Wan akaukataa, akapokea kazi ya kusimamia mafundi. Wazao wake, waliojulikana pia kwa jina la Tian, walizidi kupata nguvu hadi mwaka 386 K.K. wakatambuliwa rasmi kuwa watawala wa Qi. Chen yenyewe haikuishi kuiona siku hiyo, maana mwaka 478 K.K. ilikuwa imekwisha kumezwa na dola la Chu. Jamaa za mtawala wakatawanyika, na kilichobaki mikononi mwao kilikuwa jina la nchi isiyokuwapo tena.

Wachina wa kale walikuwa na majina ya aina mbili. Moja lilikuwa la damu, nalo ndilo lililoamua nani asioane na nani. La nyumba ya Hu lilikuwa Gui. La pili lilitokana na nchi, cheo, kazi au mahali pa kukaa. Kufikia wakati Qin walipoiunganisha China, mwaka 221 K.K., mpaka kati ya aina hizo mbili ulikuwa unafutika, na Chen, lililokuwa jina la nchi, likashika nafasi ya jina la damu.

Baada ya hapo historia ya ukoo ni safari ndefu ya kwenda kusini. Kumbi nyingi za Chen zina neno Yingchuan juu ya mlango, jina la jimbo la Henan ambako Chen Shi, ofisa wa enzi za Han aliyesifika kwa uadilifu, aliishi katika karne ya 2. Mwaka 686 Chen Yuanguang, jemadari wa utawala wa Tang, alianzisha wilaya ya Zhangzhou huko Fujian, na watu wa pwani hiyo wanamheshimu hadi leo hekaluni. Kutoka Fujian ukoo ulivuka bahari. Nyumba ya kifalme ya Tran, iliyotawala Vietnam kuanzia 1225 hadi 1400, asili yake ni huko.

Sasa fikiria kazi ya kuyaandika yote hayo. Katika karne ya 11, enzi za Song, wasomi wawili, Ouyang Xiu na Su Xun, kila mmoja alitengeneza kitabu cha nasaba ya ukoo wake, na mifano yao ikawa kanuni ya wote waliofuata. Ouyang alipanga watu katika majedwali ya vizazi vitano vitano. Jedwali likifika kizazi cha tano linakatika, na mtu wa tano anarudishwa juu ya jedwali jipya kama kichwa cha vizazi vingine. Ni mbinu rahisi, lakini ina akili kubwa ndani yake: ukoo wa watu elfu kumi unaweza kusomwa ukurasa kwa ukurasa, na msomaji asipotee hata akiwa hajui jina jingine zaidi ya la babu yake. Ikawa desturi kukiandika upya kitabu kila baada ya miaka 30 hivi, na ukoo ulioacha vizazi vitatu vipite bila kufanya hivyo ulihesabiwa kuwa umewakosea wazee wake.

Hapo ndipo herufi za mbao zinapoonyesha uzuri wake. Vitabu vingi vya China ya kale vilichapwa kwa mbao nzima: ukurasa mmoja, ubao mmoja, umechongwa wote. Kwa kitabu cha kusomwa na maelfu, njia hiyo haina mpinzani, kwa sababu ubao unaweza kuhifadhiwa na kutolewa tena mwaka wowote wanunuzi wakitokea. Lakini kitabu cha nasaba huchapwa nakala chache tu, moja kwa kila tawi la ukoo, na baada ya miaka 30 kimepitwa, kwa kuwa watoto wamezaliwa na wazee wamekufa. Kuchonga mamia ya mbao kwa nakala kumi au ishirini ni hasara. Herufi mojamoja, zinazopangwa leo kwa Chen na kesho kwa Lin, zinakifaa kitabu hicho kuliko njia nyingine yoyote. Watu husema uchapaji wa herufi mojamoja haukushika mizizi China. Mimi naona ulishika pale hasa ulipohitajika.

Wa kwanza kutajwa katika kazi hiyo ni Bi Sheng, mtu wa kawaida asiye na cheo, ambaye katika miaka ya 1040 alitengeneza herufi za udongo uliochomwa. Mwanachuo Shen Kuo, aliyetuachia habari zake, anasema Bi Sheng aliikataa mbao. Alikuwa na sababu za kifundi kabisa: nyuzi za mti hazilingani, na mbao ikiloa hufura, uso wa ukurasa ukaenda mawimbi. Tena alikuwa akizishika herufi zake kwa nta na utomvu, na mbao hung'ang'ania utomvu.

Ilichukua zaidi ya miaka 200 hadi Wang Zhen alipoandika jinsi ya kuyashinda hayo. Alikuwa hakimu wa wilaya ya Jingde, mkoani Anhui, na kitabu chake kikuu cha mwaka 1313 ni cha kilimo. Mwishoni mwake aliongeza maelezo ya kuchapa kwa herufi za mbao. Nayapenda maelezo yale kwa sababu yameandikwa na mtu aliyesimama kando ya fundi hadi kazi ikaisha. Herufi zinachongwa kwanza kwenye ubao, kisha zinatenganishwa kwa msumeno mwembamba. Kila moja inapunguzwa kwa kisu pande zote nne, inapimwa kwenye kipimo ili urefu na unene ulingane na wenzake. Zikipangwa, kati ya mstari na mstari unawekwa ubamba wa mwanzi, na penye mwanya panagongwa kijiti hadi ukurasa mzima ukakaza, bila nta wala utomvu. Wino ukishapakwa na karatasi kulazwa, brashi ya nyuzi za mti wa jamii ya mitende inapita juu yake ikifuata mistari, kutoka juu kwenda chini. Wang Zhen anaonya isipitishwe kwa upana. Herufi zimesimama katika safu za wima na zimebanwa kufuata safu hizo, kwa hiyo brashi nayo inakwenda na safu.

Tatizo lililomsumbua zaidi lilikuwa la miguu. Mpangaji wa herufi za Kichina ana maelfu ya vipande vya kuchagua, na akiinuka kutafuta kila kimoja, siku itaisha kabla ya ukurasa. Wang Zhen akatengeneza meza mbili za duara zinazozunguka, kila moja kipenyo chake futi saba za Kichina. Mpangaji aliketi katikati, mwenzake akisoma namba kutoka kwenye orodha, naye akiizungusha meza huku au kule hadi herufi imfikie mkononi. Mwaka 1298 alichapa kitabu cha habari za wilaya yake, chenye maneno zaidi ya 60,000, nakala 100 katika muda usiotimia mwezi. Utengenezaji wa herufi zenyewe ulikuwa umemchukua miaka kama miwili.

Fundi anayetembea na mzegamzega hawezi kubeba meza ya futi saba. Katika kijiji cha Dongyuan, wilayani Rui'an huko Zhejiang, ambako familia za ukoo wa Wang zimeshika kazi hii kwa vizazi vingi, tatizo la miguu lilitatuliwa kwa kumbukumbu. Mababu walitunga beti ambazo kila neno lake linaongoza kwenye fungu la herufi, na treya zikapangwa kwa kufuata beti hizo. Kijana anayejifunza kazi anazihifadhi kwa moyo, kwa lahaja ya nyumbani, na mkono unajifunza kwenda pale neno linapouita. Ramani ya maelfu ya herufi iko kichwani, haina uzito begani.

Mbao yao ni ya mpeasi pori, mti mgumu wenye nyuzi laini zilizoshikana, nayo huachwa ikauke vizuri kabla ya kuguswa na kisu. Herufi inaandikwa kwa brashi juu ya kipande, kinyume, halafu kila kisichokuwa wino kinaondolewa. Herufi ya Chen ina upande wa kushoto unaoning'inia kama sikio, na upande wa kulia ulio na miraba midogo iliyofungwa, mistari miwili ya kuegama inayoshuka pembeni, na nguzo moja inayoipasua katikati kutoka juu hadi chini. Juu ya mbao sikio linakuwa kulia. Sehemu ya hatari ni ile miraba: mbao iliyomo ndani yake lazima itolewe kwa ncha ya kisu bila kuzigusa kuta zake, na kuta hizo ni nyembamba mno. Mkono ukiteleza, mstari umekatika, na mbao haiungwi. Kitabu cha ukoo wa Chen kitahitaji herufi hiyo tena na tena, kwa hiyo fundi anazo kadhaa, na zinatakiwa zifanane kiasi kwamba ukurasa uonekane umeandikwa na mtu mmoja.

Lakini mtihani wa kweli unaletwa na majina ya watu. Koo nyingi zina shairi la vizazi: kila kizazi kimepangiwa neno lake mapema, na wote wa kizazi hicho hulichukua neno hilo katika jina. Neno la pili ni hiari ya wazazi, na wazazi hupenda maneno adimu. Kwa hiyo hakuna treya inayotosha. Fundi anapokutana na jina ambalo herufi yake haipo, anachukua kipande kitupu na kuichonga papo hapo. Ndiyo maana fundi anayejua kuchapa tu hatoshi. Lazima ajue Kichina cha kale, ajue tarehe za wafalme, aweze kuisoma rasimu iliyojaa mkono wa watu kumi, na amtambue mtu aliyeingizwa mara mbili kwa majina mawili.

Kazi inaanza nyumba kwa nyumba, kwa kuuliza. Rasimu ikikamilika, wanaume hupanga na kuchonga, wanawake hukata karatasi na kushona vitabu. Mistari myekundu inachorwa kumuunganisha baba na mwana. Siku ya kukabidhi kuna sherehe, na nakala hufungiwa kwenye sanduku lenye kufuli. Kwa kawaida kila nakala ina namba yake, na mwenye kuitunza anaandikwa. Sehemu za Zhejiang, siku ya sita ya mwezi wa sita wa kalenda ya mwezi, vitabu hutolewa nje vipigwe na jua, kuua unyevu na wadudu.

Je, vitabu hivi vinasema kweli? Kurasa za mwanzo, zenye Shun na Hu, hazipaswi kuchukuliwa kama ushahidi wa damu. Mwaka 496 mfalme Xiaowen wa Wei ya Kaskazini aliwaamuru watu wake wa Xianbei wachukue majina ya Kichina, na ukoo wao mmoja, Houmochen, ukawa Chen. Wazao wao hawakutoka kwa mfinyanzi yeyote wa Zhou, ila leo hakuna awezaye kuwatenga. Ziko pia familia zilizojishonea babu mashuhuri pale kumbukumbu ilipokatika. Uzito wa vitabu hivi uko chini, kwenye vizazi kumi au kumi na tano vya karibuni: mkulima fulani alizaliwa saa fulani, alimwoa binti wa ukoo fulani, amezikwa mlima fulani, ameelekea upande fulani. Hakuna historia ya taifa itakayomwandika mtu huyo. Fundi alimpa safu yake.

Vingi vya vitabu hivi vimepotea. Mwaka 1955 mkutubi Gu Tinglong alipata habari kwamba shehena ya karatasi kuukuu kutoka Zhejiang imefika Shanghai kusagwa ipikwe upya, akaenda na wenzake kwenye marundo hayo, wakachambua siku nyingi katika vumbi, na miongoni mwa walivyookoa vilikuwamo vitabu vya nasaba vingi. Miaka kumi na moja baadaye yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, na vingine vikachomwa moto. Pamoja na hayo, orodha kuu iliyotolewa chini ya Maktaba ya Shanghai mwaka 2008 ilihesabu vitabu 52,401 vya majina ya ukoo 608.

Novemba 2010, katika kikao kilichofanyika Nairobi, UNESCO iliiweka kazi ya herufi za mbao ya Rui'an katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Wakati huo waliobaki wakiimudu kazi yote, hatua zote, walikuwa watu 11, na wote walikuwa wamepita miaka 50. Sababu zilizotajwa ni za kueleweka: mafunzo ni marefu, kipato ni kidogo, kompyuta ipo. Mimi siamini kwamba kompyuta ndiyo adui mkubwa. Ukoo unaojali kitabu chake bado unaweza kutaka kiwe cha mkono. Kilicho kigumu ni kumpata kijana atakayekubali kuhifadhi beti, kujifunza Kichina cha kale na kukata mbao kwa miaka kabla hajaaminiwa na jina la mtu.

Na kuna kazi mpya inayomsubiri. Kwa karne nyingi mke aliandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake tu, na binti, akiandikwa, alitajwa kwa nyumba aliyoolewa. Sasa koo nyingi zinawaingiza mabinti kwa majina yao kamili. Ukoo wa Kong, wa Confucius, ulifanya hivyo katika toleo lake la mwaka 2009, lenye watu zaidi ya milioni mbili. Kwa fundi wa Dongyuan anayepanga kitabu cha Chen, maana yake ni kwamba karibu nusu ya ukoo inaingia kwa mara ya kwanza, na inaingia na majina ambayo treya za babu yake hazikuwahi kuyahitaji. Herufi zinazokosekana itabidi zichongwe.